Magonjwa Adimu na Mitandao ya Kijamii: Njia ya Mgonjwa Aliye Peke Yake Kumfikia Daktari

Mzazi mmoja ana mtoto wa kiume ambaye tangu siku ya tohara damu yake ikianza kutoka hukawia kukoma. Jino likingʼoka, damu huchuruzika mpaka kesho yake. Akianguka mchezoni, goti huvimba na kuuma kwa siku nyingi. Amepelekwa zahanati mara kadhaa, na kila mara amerudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Majirani wana maelezo yao, na baadhi ya maelezo hayo yanamnyooshea kidole bibi wa mtoto. Mfano huu haukutolewa katika familia yoyote ya Nyakasimbi. Umetungwa kwa ajili ya somo hili. Hata hivyo, dalili zake ni za kweli na zinafahamika kitabibu. Huenda ni hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu hukosa kiasi cha kutosha cha protini ya kuigandisha.

Mzazi huyo akiwa na simu janja, au akiwa na mpwa mwenye simu janja, ipo siku ataandika dalili hizo katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook na kuuliza kama yupo anayezifahamu. Yatakayofuata yanaweza kuwa mwanzo wa tiba. Yanaweza pia kuwa mwanzo wa kupoteza fedha, heshima na miezi ya thamani katika maisha ya mtoto.

Ugonjwa adimu ni upi

Barani Ulaya, ugonjwa huhesabiwa kuwa adimu usipozidi mtu 1 katika kila watu 2,000. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1983, ni ugonjwa wenye wagonjwa wasiofikia 200,000 nchini humo. Aina za magonjwa hayo zinazidi 6,000, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 300 duniani wanaishi na mojawapo. Sehemu kubwa hutokana na hitilafu katika vinasaba, na mengi huanza utotoni.

Neno "adimu" hutegemea mahali. Ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli, huhesabiwa Marekani kuwa adimu kwa sababu wagonjwa wake huko hukadiriwa kufikia 100,000 tu. Tanzania, hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na hakuna zahanati ya Kanda ya Ziwa isiyoufahamu. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa ughaibuni si kipimo kamili cha yanayoonekana Karagwe.

Ni vema pia kutenganisha magonjwa adimu na magonjwa ya mlipuko. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa homa ya Marburg mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, na mwingine mwaka 2025 katika Wilaya ya Biharamulo. Ugonjwa ule nao hutokea kwa nadra, lakini huambukiza, na mgonjwa wake hutengwa kwa sababu za msingi. Mtoto mwenye hemofilia, au mwenye mifupa inayovunjika kwa urahisi, au mwenye ngozi inayobabuka kwa kuguswa tu, hamwambukizi mtu. Kumtenga ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Ugumu mkubwa wa maradhi haya unaonekana katika hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 katika Mkoa wa Kagera. Ugonjwa unaompata mtu 1 katika watu 100,000 utakuwa na wagonjwa wapatao 30 mkoa mzima. Wakigawanywa katika wilaya saba, ni wagonjwa wanne hivi kwa kila wilaya, wa umri tofauti, wengine wakiwa hawajatambuliwa kabisa. Mama wa mgonjwa wa Nyakasimbi anaweza kuishi miaka 20 bila kujua kuwa upo mji mwingine huko Ngara unaoamka usiku kwa sababu ile ile. Mganga wa zahanati naye anaweza kustaafu akiwa amemwona mgonjwa mmoja tu wa aina hiyo, au asimwone kamwe. Kutoutambua si uzembe wake. Alichokosa ni fursa ya kuona mgonjwa wa pili na wa tatu, afananishe.

Bahasha za Kampala

Haja ya kumtafuta mgonjwa wa pili ni ya kale kuliko simu, na mojawapo ya mifano yake bora ilitokea ngʼambo ya mpaka. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakuuelewa uvimbe ule. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mgonjwa mmoja angeweza kusahaulika. Wawili walimfanya apekue kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Baada ya hapo aliandaa karatasi zenye picha na maswali, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika. Swali lilikuwa jepesi: je, umewahi kumwona mtoto mwenye hali hii? Kila jibu aliliweka alama kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Uganda kuelekea kusini mwa bara, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha zile. Ramani ilionyesha kuwa ugonjwa ulifuata maeneo ya joto na mvua nyingi, na kazi hiyo iliwasaidia wengine kugundua mwaka 1964 kirusi kinachohusiana nao. Saratani hiyo sasa hutibika kwa dawa, hasa mgonjwa akiwahishwa, na kwa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, jijini Mwanza.

Maarifa yale hayakuwa yamefichwa katika vyuo vikuu. Yalikuwa vipande vipande mikononi mwa waganga wa vijijini, kila mmoja akidhani kipande chake ni kioja cha peke yake. Aliyekosekana ni mtu wa kuviuliza vipande hivyo vyote swali moja.

Wagonjwa waliomfuata daktari

Nusu karne baadaye, swali kama lile lilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2003, mwanamke wa Marekani aitwaye Katherine Leon alipata shambulio la moyo wiki chache baada ya kujifungua, akiwa hajatimiza miaka 40 na hana dalili za kawaida za ugonjwa wa moyo. Ukuta wa mshipa unaopeleka damu kwenye moyo wake ulikuwa umechanika ghafla. Madaktari walimwambia kuwa hali hiyo ni adimu mno na kwamba hakuna mengi yanayojulikana kuihusu. Alipojiunga na jukwaa la mtandaoni la wanawake wenye maradhi ya moyo, akakuta mwingine aliyeambiwa maneno yale yale, kisha mwingine, kisha mwingine. Ugonjwa ambao kila hospitali ilikuwa ikiona wagonjwa wachache ulikuwa na kundi zima la wagonjwa pale.

Mwaka 2009 alimwendea Dkt. Sharonne Hayes, bingwa wa moyo wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota, akamwomba achunguze ugonjwa huo. Aliyoyafanya daktari huyo yanastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo kiini cha somo hili. Hakuingia jukwaani kutoa dawa. Hakuwaomba wanawake wale waweke picha za moyo wao mbele ya wote. Alipeleka mpango wa utafiti kwa kamati ya maadili ya hospitali yake. Ulipoidhinishwa, wagonjwa walielezana jukwaani kuwa utafiti upo, na aliyetaka alijitokeza mwenyewe. Nafasi zilikuwa 12. Katika muda usiofikia wiki moja walijitokeza watu 18. Waliokubaliwa walitoa ridhaa, na kumbukumbu zao za matibabu pamoja na filamu za mishipa ya moyo zilitumwa moja kwa moja hospitalini, zikasomwa na wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Utafiti mdogo ule ulifuatiwa na daftari kubwa la wagonjwa kutoka nchi mbalimbali, na ikabainika kuwa ugonjwa wenyewe haukuwa adimu kama ilivyodhaniwa: wengi walikuwa wakipita hospitalini bila kutambuliwa, kwa sababu hakuna aliyetarajia mama kijana kupata shambulio la moyo.

Mtandao, katika kisa hicho, ulifanya kazi moja, nayo ni kukutanisha watu. Uchunguzi ulifanyika hospitalini, siri zilibaki katika majalada, na daktari alibaki daktari. Mahali popote ambapo mpangilio huo unavunjwa, yaani uchunguzi ukifanyika hadharani na siri zikimwagwa kundini, wagonjwa huumia.

Kisa cha Matthew Might, baba wa Marekani, kinaongeza jambo. Mwanawe alikuwa na hitilafu ya kinasaba ambayo haikuwahi kuelezwa kwa mgonjwa mwingine, na bila mgonjwa wa pili hakuna aliyeweza kuthibitisha chanzo. Mwaka 2012 baba huyo aliandika habari ya mtoto wake kwenye tovuti yake kwa maneno ambayo mzazi mwingine angeyatumia kutafuta: mtoto asiyetoa machozi, mwenye mwili unaojinyonganyonga, anayechelewa kukua. Wazazi wa mbali walisoma, wakawatambua watoto wao. Mwaka 2014 jarida la kitabibu lilichapisha taarifa za wagonjwa 8. Aliyeandika kwa lugha ya mzazi ndiye aliyepatikana na wazazi wenzake. Jina la kitaalamu lisingewafikia.

Hapa nyumbani

Tanzania nayo ina watu wanaotembea njia hiyo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Ali Kimara, inayobeba jina la mtoto na inayowaunganisha wazazi wenye watoto wa magonjwa adimu. Wagonjwa wa hemofilia wana chama chao, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki yao. Nchini Kenya lipo shirika la Rare Disorders Kenya. Makundi ya namna hii hutumia kurasa za mitandao kujitangaza na kupokea familia mpya, na mara nyingi madaktari hualikwa kuzungumza na kujibu maswali ya jumla. Mwezi Desemba 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watu wanaoishi na magonjwa adimu, na Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani nao ukapitisha la kwake.

Kwa mkazi wa Nyakasimbi, maazimio ya New York na Geneva yako mbali. Kilicho karibu ni zahanati, kisha kituo cha afya, kisha Hospitali ya Nyakahanga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bukoba, na baada ya hapo Bugando. Kila hatua ina nauli yake, na wakati wa kuvuna kahawa au kupanda maharage kila siku ya safari ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tiketi. Ndiyo maana simu inavutia: inaonekana kuruka hatua zote na kumpeleka mtu kwa bingwa akiwa amekaa barazani.

Ukweli ni kwamba simu haiwezi kuruka hatua hizo, ila inaweza kuzifupisha. Njia yenye faida kubwa, na ambayo wananchi wengi hawaifikirii, ni ya daktari kwa daktari. Mhudumu wa zahanati au daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kumpigia au kumwandikia mtaalamu wa ngazi ya juu, akaeleza umri, dalili na vipimo bila kutaja jina, akaambiwa kama mgonjwa apelekwe, apelekwe wapi, kliniki ni siku gani, na asipewe dawa gani njiani. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kumwokolea mgonjwa safari mbili za bure. Mwananchi ana haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari, je, yupo bingwa unayeweza kumshirikisha kuhusu hali hii kabla hatujasafiri?" Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo.

Njia nyingine ni kambi za madaktari bingwa zinazofika kwenye halmashauri, ambazo tangu mwaka 2024 zimefahamika kwa jina la Madaktari Bingwa wa Rais Samia. Tarehe zake hutangazwa kwenye kurasa za halmashauri, redioni na kwenye mbao za matangazo. Familia yenye mgonjwa asiyeeleweka ingefaa ijiandae mapema na kumbukumbu zote, maana bingwa huona watu wengi kwa siku chache.

Katika maandalizi hayo simu ina kazi nzuri isiyohitaji hata bando. Mtoto anayepatwa na mishtuko huwa ametulia kabisa anapofika mbele ya daktari, na mama hubaki akieleza kwa mikono kitu ambacho hakionekani. Video ya dakika moja ya tukio lenyewe humpa daktari mengi; utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa video za simu huwasaidia mabingwa kutenganisha kifafa na hali nyingine zinazofanana nacho. Vivyo hivyo picha za goti lililovimba, zilizopigwa siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, au za vipele vinavyokuja na kupotea. Mwenye simu ya kawaida isiyo na kamera atumie daftari la shule: tarehe, kilichotokea, kilidumu muda gani, dawa gani ilitolewa. Daftari la shilingi chache limewahi kuwa na manufaa kuliko maelezo ya saa nzima.

Dalili zenyewe ni jina

Wengi hudhani kuwa wakificha jina wamelinda siri. Kwa malaria hilo ni kweli, maana wenye malaria ni wengi. Kwa ugonjwa adimu si kweli. Akiandika mtu kwamba "mvulana wa miaka sita katika kitongoji fulani cha Nyakasimbi hutokwa damu isiyokoma", hajataja jina, lakini kata nzima imeshamjua. Ugonjwa unapokuwa adimu, dalili zenyewe ni jina la mtu.

Madhara yake hayaishii kwa mgonjwa. Hemofilia hupitishwa na mama kwa watoto wa kiume, na dada wa mgonjwa anaweza kubeba kinasaba bila kuugua. Picha ya mtoto iliyotumwa leo kwa nia njema, ili watu wamwombee, inaweza kuibuka baada ya miaka 15 wachumba wanapokuja kumposa dada yake. Wakati huo hakuna atakayekumbuka nia njema. Patabaki mnongʼono kuhusu "ukoo wenye damu mbovu". Binti hakuulizwa. Mtoto mwenyewe, akiwa na miaka sita, hakuweza kuulizwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa msingi wake haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Mhudumu wa afya anayepiga picha jeraha la mgonjwa na kuituma katika kundi la marafiki, hata kwa kustaajabu tu, amevunja kiapo cha taaluma yake pamoja na sheria ya nchi. Jirani anayesambaza picha aliyoipokea hana msamaha kwa kuwa hakuipiga yeye.

Mzazi anayelazimika kutuma picha kwa mtaalamu aifanye iwe na kile kinachohitajika tu. Goti halihitaji uso. Sare ya shule yenye jina, kadi ya kliniki iliyo mezani na sauti ya bibi akimwita mtoto nyuma ya video ni mambo yanayotambulisha mtu. Picha itumwe kwa mtu mmoja anayefahamika, si kwa kundi. Ikiwa simu ni ya kuazima, picha ifutwe kabla ya simu kurudishwa kwa mwenyewe. Mzee asiyejua kusoma, anayemtegemea kijana amwandikie ujumbe au amrekodie sauti kwa Kinyambo, amchague kijana huyo kama anavyomchagua mtu wa kumtunzia fedha.

Daktari wa kweli na daktari wa mtandaoni

Ugonjwa usio na jina humfanya mtu awe tayari kulipa chochote, na wapo wanaolijua hilo vizuri. Ukurasa wenye picha ya mtu aliyevaa koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni si ushahidi wa udaktari. Picha hizo huibwa kutoka kwenye kurasa za madaktari halisi. Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017, na anayejitambulisha kuwa daktari hapaswi kukasirika akiulizwa jina kamili, hospitali anayofanyia kazi na usajili wake.

Tabia husema zaidi ya koti. Daktari anayeheshimu kazi yake, akiulizwa hadharani kuhusu mtoto fulani, hatataja ugonjwa wala dozi mbele ya watu. Atatoa elimu ya jumla, kisha atasema mtoto aonwe na nani na wapi. Huenda jibu hilo likamkatisha tamaa mzazi aliyetarajia dawa, akaona daktari amemkwepa. Hakumkwepa. Hawezi kugusa goti, kupima damu wala kusikiliza moyo kupitia simu, na kinga yake ya kutokosea ni kutokubali kukisia. Daktari mwingine hatakubali ombi la urafiki la mgonjwa wake katika ukurasa binafsi. Hiyo pia si dharau, maana anatenganisha kliniki na sebule.

Kinyume chake, anayetaja ugonjwa baada ya ujumbe mmoja, anayeahidi kuponya hitilafu ya vinasaba kwa chupa tatu, anayeomba fedha itangulie kwa simu, na anayemtaka mgonjwa aache dawa za hospitali, huyo hajifichi hata kidogo kwa mwenye macho. Asitumiwe fedha. Ujumbe wake usifutwe, kwa sababu polisi watauhitaji kama ushahidi.

Lipo pia suala la michango. Familia nyingi zimesaidiwa na watu wema kupitia mitandao, na si haki kuwazuia. Lakini wapo walioiba picha ya mtoto mgonjwa, wakabadilisha namba ya simu na kukusanya fedha ambazo mtoto hakuziona. Mchango ukiitishwa, ni salama zaidi upitie kwa Ofisa Ustawi wa Jamii au Ofisa Mtendaji wa Kata, ambao wanaweza kuthibitisha mhitaji bila kutangaza ugonjwa wake. Ofisa Ustawi wa Jamii ndiye pia mtu wa kumwona kuhusu utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu kwa asiye na uwezo.

Kuhusu yule mtoto

Mtoto wa mfano aliyetajwa mwanzoni anahitaji kupimwa damu, na hospitali ya wilaya inaweza kumpa rufaa kwa kipimo hicho. Hemofilia ya aina iliyo ya kawaida zaidi humpata mtoto 1 wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa. Wajomba wake waulizwe: je, yupo aliyetokwa damu isiyo ya kawaida, au aliyefariki utotoni baada ya tohara? Jibu likiwa hapana, hemofilia bado haijaondolewa, kwa sababu katika theluthi moja hivi ya wagonjwa hitilafu huanza upya bila historia katika ukoo. Hapo bibi anayenyooshewa kidole anapata utetezi wake, kwa kipimo cha maabara.

Wakati akisubiri rufaa, asipewe aspirini, wala dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Mhudumu ataeleza dawa iliyo salama. Sindano ya kuchoma kwenye msuli iepukwe, na chanjo zisikatizwe ila mchanjaji aelezwe mapema ili achukue tahadhari. Kiungo kikivimba kipumzishwe na kipozwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Mtoto akigonga kichwa, hata kama anacheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mdogo wake wa kiume asitahiriwe kabla damu yake haijapimwa.

Familia yenye mgonjwa ambaye hali yake haijaeleweka inashauriwa kuanza na mganga mfawidhi wa zahanati yake, ikiwa na daftari la matukio, kadi zote za kliniki na cheti cha bima kwa aliye nacho. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kusaidia kuandaa kumbukumbu hizo nyumbani. Maswali ya jumla kuhusu huduma za afya hupokelewa na Wizara ya Afya kwa simu namba 199, bila malipo. Siku ya Magonjwa Adimu Duniani huadhimishwa siku ya mwisho ya mwezi Februari. Ilianza tarehe 29 Februari 2008, tarehe iliyochaguliwa kwa kuwa nayo ni adimu.